Mapigo Mia na Kumi kwa Dakika

Duka la Saa, Chini ya Ngazi,
Jengo la Posta ya Zamani,
S.L.P. 417.

Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mke wangu na ya watoto, ambao wamenisimamia mezani hapa nisije nikasahau kuiandika. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia, na ile miwani mpya imeshakubaliana na pua yako. Vipi usingizi? Vipi kile kikohozi cha asubuhi? Sisi huku ni wazima. Neno hilo "wazima" nimelitafakari kabla ya kuliandika, na nimeliandika kwa kuwa ni kweli.

Nakuandikia kwa sababu simu ya Jumanne haikutufaa kitu. Nilikwambia nimetoa figo, wewe ukaniuliza nimetoa mifugo mingapi na nimempa nani. Nikarudia kwa sauti, wateja wawili wakageuka kunitazama, nawe ukasema nisiwagawie watu ovyo, watoto wangu watakula nini. Nikaona heri karatasi.

Halafu nimesikia kwamba binamu yetu Redio ameshakufikia kabla yangu. Jina hilo hatukumpa bure. Amekwambia eti mimi ni mahututi na mdogo wetu Kitinda amerudishwa kwenye mashine. Hayo mawili si kweli. La kweli ni kwamba tumekuficha jambo kubwa kwa karibu mwaka mzima, na aliyeamua ufichwe ni mimi, usimlaumu mwingine. Nilihofia presha yako. Sasa kaa vizuri, nikueleze tangu mwanzo.

Mwaka jana mwezi wa kumi Kitinda alianguka darasani akiwafundisha watoto hesabu. Hakuanguka kwa kishindo. Aliegemea ubao, akateremka taratibu mpaka chini, chaki mkononi. Hospitali wakampima damu, wakakuta figo zake zote mbili zimechoka, zinafanya kazi chini ya sehemu moja ya kumi. Tangu wiki ile akawa anakwenda kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila safari. Ni chumba kirefu chenye vitanda vinane na madirisha ya juu. Mashine zinalia kama friji. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa mirija, na akitoka hapo alikuwa hawezi kupanda ngazi sita za nyumba yake bila kupumzika katikati. Mtu wa miaka thelathini na nane, Shangazi.

Daktari wa figo, mama mmoja mfupi anayeongea kama anayesoma risiti, alituambia njia bora ni ndugu kujitolea figo moja. Tukapimwa. Kaka Mkubwa ana sukari, unajua, naye akatolewa siku ya kwanza. Alikaa ndani ya lori lake kwenye maegesho ya hospitali nusu saa nzima bila kuwasha injini. Nikabaki mimi. Damu yangu na ya Kitinda zikapatana vizuri kuliko walivyotarajia. Nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha.

Ndipo wakanipandisha kwenye mizani. Kilo mia moja na nne. Presha mia moja arobaini na nane kwa tisini na nne. Wewe mwenyewe hukosi kukumbuka nilivyo: kazi yangu ni kuketi. Nafungua duka saa mbili, naketi. Nafunga saa kumi na mbili, naenda nyumbani kuketi. Miaka ishirini na mbili kwenye kigoda kimoja, jicho moja kwenye lenzi. Daktari akasema hawezi kumtibu mgonjwa mmoja kwa kutengeneza wa pili. Nishuke hadi kilo tisini, presha ishuke yenyewe bila dawa na ikae huko, ndipo turudi mezani. Akanipa miezi mitatu hadi kipimo cha kwanza.

Nikatoka pale nimekaza meno. Nilijiambia, kama ni jasho tu linalotakiwa, watalipata.

Nyuma ya soko la nguo kuna jimu, chumba cha mabati chenye vioo ukutani na vyuma vya kila namna. Mwalimu wake ni kijana mmoja kifua mbele, tunamwita Chuma. Nilimwambia nataka kupungua upesi. Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia. Akaniweka na vijana wa umri wa mwanangu. Kuruka, kusukuma, kubeba, kukimbia papo hapo, na yeye anahesabu kwa sauti. Siku ya kwanza nilitapika kwenye ndoo. Chuma akanipigapiga mgongoni akasema hiyo ni dalili nzuri, mwili unatoa uvivu. Nami nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Nikawa naenda kila siku, hata Jumapili. Jioni nikaongeza ngazi. Jengo letu lina ghorofa tano, nami nilikuwa napanda mbio na kushuka mara kumi, baadaye ishirini. Yule mzee mlinzi wa getini alidhani nimeibiwa, akaniuliza mwizi kapitia wapi.

Matokeo yake nikupe bila kuficha. Goti la kulia likavimba. Nikaanza kumeza vidonge vya maumivu, viwili asubuhi, viwili jioni, ili niendelee. Usingizi ukanikimbia. Njaa ikanishika ambayo sijawahi kuijua. Nilikuwa nakula sahani yangu na kumalizia za watoto. Mikono ikawa inatetemeka, na fundi saa mwenye mikono ya kutetemeka ni sawa na kinyozi mwenye chafya. Siku moja kibano kiliniteleza, skrubu ya saa ya mteja, ndogo kama punje ya mchanga, ikaruka. Nikaitafuta kwa magoti kutwa nzima, na goti lenyewe unalijua lilivyokuwa. Sikuipata. Na baada ya wiki saba za taabu hiyo nilikuwa nimepungua kilo tatu tu, na presha ilikuwa palepale.

Mke wangu alikuwa ananitazama tu. Siku moja nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ninashindwa kufungua kamba za viatu, alikuja akachuchumaa, akazifungua yeye. Akaniuliza, bila ukali wowote: "Baba watoto, unakimbia au unajichapa?"

Jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa tayari kulitoa. Nitakupa wewe hapo mbele.

Ikafika siku moja kabla ya kile kipimo. Nilijua kilo hazitoshi. Basi nikapanda zile ghorofa tano mara arobaini, kwa kuhesabu, vidonge vinne tumboni. Kesho yake asubuhi mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Nikaenda hospitali hivyohivyo, nikijidanganya kwamba ni kiu.

Vipimo vikatoka: protini kwenye mkojo, damu kwenye mkojo, na ile namba ya taka ambazo figo zimeshindwa kuchuja imepanda. Daktari aliisoma karatasi mara mbili. Akaniuliza nilifanya nini tangu juzi, nikamweleza yote, ngazi na vidonge. Alivua miwani. Akaniambia kwamba misuli ikichoshwa kupita kiasi inavunjika, na mabaki yake yanapita kwenye figo, na vidonge nilivyokuwa nameza ni adui wa figo, na kwamba mimi nilikuwa ninaziharibu zilezile nilizokuja kuzitoa. Kama zingeharibika, basi familia yetu ingekuwa na wagonjwa wawili na bila mtoa figo hata mmoja. Alinilaza siku tatu nikiwekewa maji ya mshipani. Kwenye faili langu akaandika neno moja ambalo nililisoma kichwa chini kutoka upande wangu wa meza: "Asimamishwe."

Kitinda alikuja kuniona wodini akitokea kwenye mashine. Alikuwa amevaa lile sweta lake la kijivu, uso umekuwa mdogo. Hakuketi. Akasema, "Kaka, kama unanipa figo, nipe figo. Usinipe maiti ya kuzika." Halafu akasema hataipokea tena, hata daktari akikubali; kwamba afadhali mashine, maana mashine haina watoto. Akatoka. Wiki mbili nzima hakupokea simu yangu.

Hapo ndipo nilipofikia chini kabisa, Shangazi. Nikaona nimeyaharibu yote kwa mikono yangu, na tena kwa bidii.

Nashukuru yule daktari anaongea kama risiti lakini moyo anao. Mkojo uliposafika, alifuta lile neno kwa kalamu, akanipa nafasi moja ya mwisho, miezi mitano, kwa sharti kwamba mazoezi yangu yasimamiwe na mtaalamu wa hospitali. Akanielekeza ghorofa ya chini, mwisho wa korido, chumba chenye mipira mikubwa na baiskeli isiyokwenda popote. Humo kuna mama mmoja wa makamo, mpole, aliyekuwa mkunga zamani kabla hajasomea tiba ya viungo. Wagonjwa wanamwita Mama Viungo.

Aliniuliza swali ambalo Chuma hakuniuliza: unataka mwili wako ufanye nini, na lini? Nikamwambia. Akasema vizuri, kila lengo lina kasi yake. Anayetaka kushinda mbio ana kasi yake, anayetaka kubeba magunia ana yake, na anayetaka kushusha kilo na presha taratibu, abaki mzima wa kukatwa na kushonwa, ana yake pia. Akasema mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya mtu mwingine.

Akanifundisha kuhesabu mapigo ya moyo, vidole viwili chini ya kidole gumba. Hapo nilimzidi, maana saa ya kuhesabia ninayo na sekunde ndiyo kazi yangu. Hesabu yenyewe ni rahisi: mia mbili na ishirini, toa umri wako. Mimi nina arobaini na sita, inabaki mia moja sabini na nne. Hicho ndicho kikomo, kwa makadirio. Akasema kwa sasa nikae kati ya nusu ya hapo na sehemu saba za kumi. Yaani kuanzia themanini na saba hadi mia moja ishirini na mbili. Tukakubaliana tulenge mia na kumi. Na kama sina saa mkononi, alisema, nitumie mdomo: niweze kuzungumza sentensi nzima, lakini nikijaribu kuimba pumzi inikatike. Nikishindwa kuzungumza, nimezidisha. Nikiweza kuimba, natalii.

Nikamwambia hayo si mazoezi, hayo ni kwenda dukani kununua chumvi. Akacheka. Akaniambia saa ukiikaza ufunguo kupita kiasi si inakatika? Nikamjibu kwa heshima kwamba huo ni uongo wa mitaani. Saa haifi kwa kukazwa, inakufa kwa kukauka mafuta ndani. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wewe umekauka mafuta." Tangu siku hiyo tukaelewana.

Nikaanza kutembea. Dakika ishirini wiki ya kwanza, kwa ajili ya goti, kisha thelathini, kisha arobaini na tano, siku tano kwa wiki. Siku mbili kati ya hizo, nikirudi, nabeba madumu ya maji ya lita tano, moja kila mkono, nainuka na kuketi kwenye kiti mara kumi na mbili, napumzika, narudia. Siku mbili ni za kupumzika, na alinisisitizia kwamba kupumzika nako ni kazi, nisije nikaziiba siku hizo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi nilijikwaa siku ya pili, kwenye mfuniko wa mtaro, mbele ya fundi matairi na wateja wake wote.

Njia yangu ilikuwa ileile: kutoka dukani, kupita kwa fundi matairi, kuzunguka ukuta wa shule, kupanda hadi tangi la maji na kurudi. Mwanzoni niliona aibu. Mtu mzima anatembea haraka bila mzigo na bila haraka yoyote. Fundi matairi aliniuliza kama nimefukuzwa na mke wangu. Nikamwambia hapana, yuko nyuma yangu. Na kweli alikuwa nyuma yangu, kwa sababu mke wangu alijiteua kuwa kipimo changu. Alikuwa ananiuliza maswali njiani: ada ya mtoto inalipwa lini, bomba la bafuni utalitengeneza lini, mama yangu utamtembelea lini. Nikijibu kwa sentensi, tunaendelea. Nikijibu "mmh", ananishika shati tupunguze. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hatujawahi kuzungumza vile.

Katika matembezi hayo ndipo nilipomjibu lile swali lake la kwenye ngazi. Na wewe nakwambia sasa.

Mwaka jana, miezi mitatu kabla Kitinda hajaanguka, alipita dukani kwangu kubadilisha betri ya saa yake. Aliketi, akavua viatu, akasema vimeanza kumbana. Niliitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba, na alama ya mkanda wa kiatu ilikuwa imezama kwenye nyama kama mstari kwenye unga. Mimi, mtu ninayeona ufa wa unywele kwenye kioo cha saa, niliona, nikamwambia anunue namba kubwa. Tukacheka. Akaenda zake.

Kila nilipopanda zile ngazi nilikuwa naiona ile miguu. Sikuwa nataka kupungua, Shangazi. Nilikuwa nataka kuumia. Jasho lilipokuwa jingi na goti likiwaka moto, ndipo moyo ulipokuwa unatulia kidogo. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mwili wangu kwa sasa si wangu peke yangu wa kuuchapa nitakavyo. Sehemu yake ina mwenyewe anayeingoja. Maneno hayo yalinisaidia kuliko vidonge.

Baada ya kama wiki sita jambo la ajabu likatokea. Njia ileile, muda uleule, mapigo yakawa tisini na nane. Nikadhani saa imechelewa. Mama Viungo akasema hapana, moyo umepata nguvu, sasa kile kilichokuwa kizito kimekuwa chepesi, na mwili hauendelei kubadilika kwa kazi iliyokwisha kuzoea. Akaniongezea mlima wa tangi mara mbili, na siku moja kwa wiki nitembee mbio dakika moja, polepole dakika mbili, mara sita. Nikarudi kwenye mia na kumi. Mwezi wa tano akaongeza tena. Kidogokidogo, kila mara nikitaka zaidi ananizuia, kila mara nikizembea ananigundua. Chakula mke wangu alikipanga upya, nusu sahani mboga, na vya watoto nikakatazwa hata kuvitazama.

Usingizi ukarudi. Mikono ikatulia. Mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha la pili. Kilo zilikuwa zinashuka nusu nusu kwa wiki, nyingine hazishuki kabisa, nami nikajifunza kutozigombeza.

Kitinda alianza tena kupokea simu, lakini habari ya figo hakutaka kuisikia. Nikaacha kumsemesha. Badala yake kila Ijumaa nilikuwa namfuata kwenye mashine, namwachia kikaratasi chenye namba tatu tu: kilo, presha, mapigo. Mwalimu wa hesabu hawezi kuziacha namba. Mwezi wa sita niligundua amekuwa akizichora kwenye daftari la mistari, mistari mitatu ya rangi tofauti, yote ikiteremka. Wiki moja niliposahau, alinipigia mwenyewe akauliza namba ziko wapi. Hapo nilijua amelegea.

Mwezi wa saba nikarudi mizanini. Kilo themanini na tisa na nusu. Presha mia moja ishirini na sita kwa themanini. Mkojo safi, hakuna protini, hakuna damu. Daktari alinipima tena baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki. Nilimwona akitafuta kosa kwa bidii, asilione. Akamwita Kitinda, akatuketisha pamoja. Akamuuliza kama ataipokea. Kitinda akafungua lile daftari lake, akamwonyesha daktari ile mistari, akasema, "Sasa naipokea. Huyu amefanya kazi yake vizuri." Alisema kwa sauti ileile anayorudishia madaftari.

Tulikatwa tarehe ishirini na nane Julai, asubuhi, vyumba viwili vilivyopakana. Mimi nilitangulia. Nilipozinduka nilisikia maumivu ya ubavu ambayo sitayapamba: yaliniuma sana. Nesi akaniinamia akaniambia figo imeanza kutoa mkojo wakiwa bado hata hawajamshona Kitinda. Sikuwahi kufikiri kama habari ya mkojo inaweza kumliza mtu mzima.

Siku ya pili walitutembeza koridoni, kila mmoja na nguzo yake ya dripu. Kitinda alifika dirishani na kurudi. Mimi niliishia mlangoni. Jioni nikasogezewa kitanda karibu na chake, ndipo nikamwambia habari ya ile miguu, jinsi nilivyoiona nikapuuza. Nilikuwa nimeyaandaa maneno kwa mwaka mzima. Alinisikiliza, akageuza kichwa kwenye mto. "Hata mimi niliiona, Kaka," akasema. "Na miguu ilikuwa yangu." Kisha akaomba nimpe maji.

Sasa kuhusu maneno ya Redio. Wiki ya tatu Kitinda alirudishwa wodini siku tano. Mwili wake ulikuwa unaanza kuikataa figo, jambo ambalo daktari alituonya kwamba hutokea. Walimpa dawa kali za mshipani, ikatulia. Hakurudi kwenye mashine hata saa moja. Redio alifika siku hiyo, akatukuta mimi na mke wangu tumekaa kimya koridoni, akamalizia mengine mwenyewe. Dawa za kuzuia mwili usiikatae atazimeza maisha yake yote, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kukosa. Sikufichi hilo. Figo hii si ya milele. Inaweza kumtumikia miaka kumi, inaweza ishirini. Lakini leo namba zake ni za mtu mwenye afya, na muhula ujao atarudi darasani.

Mimi nami niko dukani tangu wiki iliyopita, nusu siku. Kubeba kitu kizito bado nimekatazwa. Nimeanza upya na dakika ishirini, na Mama Viungo amenikumbusha kwamba aliyebaki na figo moja hana ruhusa ya kurudi kilo mia. Presha nitapimwa kila mwaka. Vile vidonge vya maumivu sitaviona tena maisha yangu yote, hata kichwa kipasuke.

Shangazi, utakasirika kwamba tulikuficha, na haki yako ipo. Wewe ndiye uliyetulea sisi watatu baada ya wazazi, na jambo la kukatwa kwetu ulistahili kulijua kabla ya kisu. Niseme ukweli: niliogopa utakataa, na ungekataa nisingeweza kukuvunjia neno. Ndiyo sababu. Unisamehe kwa siku utakayoona inafaa, sitakuharakisha.

Nimeambatanisha picha mbili. Ya kwanza ni Kitinda nje ya hospitali siku ya kuruhusiwa, amevaa barakoa, lakini macho utayajua. Ya pili ni mimi. Ndiyo, ni mimi, usimuulize jirani.

Nisalimie jirani yako mwalimu mstaafu kama ni yeye anayekusomea, nami namwomba radhi kwa urefu wa barua. Wasalimie mama mkwe wa Kaka Mkubwa, wale mapacha wa fundi seremala, na mama muuza maziwa. Kaka Mkubwa anakusalimu sana. Atapita na lori mwisho wa mwezi na atakuletea dawa ya magoti. Redio naye msalimie, na umwambie nimeandika.

Mungu akuhifadhi, akulindie miguu na macho, na akutunzie pumzi ya kutugombeza miaka mingine mingi.

Daktari ameturuhusu kusafiri shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, mimi na Kitinda, wawili tu. Basi litafika saa tatu asubuhi. Tafadhali usimtume mtu kutupokea, wala usitukodie pikipiki. Najua ni kilomita tatu kutoka stendi hadi mlangoni kwako, tena nusu yake ni mlima. Kitinda amesema tutatembea, naye ndiye atakayepanga kasi. Wewe weka viti viwili nje, utuangalie tunavyokuja.

Mwanao akupendaye na kukuheshimu,

Fundi Saa